Maumivu ya Nyumba Kumi

Habari hii nilipewa na Mauwa binti Fakihi, mwaka ule wa foleni, tukisubiri sukari nje ya duka la ushirika Tandika. Tulikuwa tumeweka matofali yetu kwenye mstari yatushikie nafasi, sie wenyewe tumekaa pembeni, migongo ukutani. Mauwa alisimulia taratibu, anakatiza kumwamkia huyu, anaendelea. Sukari haikuja siku ile. Habari niliondoka nayo nzima, na nitaiweka hapa kama alivyoiweka yeye.

Yombo wakati ule ilikuwa bado mikorosho na mihogo, na nyumba za udongo hapa na pale. Aliishi huko mama mmoja, Bernadeta, mtu wa Masasi, mke wa Gaudens aliyekuwa akifanya kazi kiwandani njia ya Pugu. Walikuwa na mtoto mmoja mdogo, Rosalia. Kila asubuhi Bernadeta alikaa kwenye kigoda chake nje ya nyumba akakaanga vitumbua, na waliokuwa wakiwahi kazini walinunua wakala wakitembea.

Jumapili moja baada ya misa watu walikwenda kujitolea kujenga zahanati. Wanaume walichanganya zege, wanawake walilibeba kwa makarai. Bernadeta akainama, akanyanyua karai lake, akageuka kidogo kumpisha mwenzake, na kiunoni kikalia kitu, ta, kama mtu amevunja mti wa muhogo. Hakuanguka. Alisimama palepale na zege kichwani, mbele hawezi, nyuma hawezi, mpaka zege likaanza kushika. Wakamtua wanaume wawili. Balozi wa nyumba kumi, Ndugu Polikarpo, akapanda juu ya rundo la mchanga akasema, "Mama huyu ameumia kwa ajili yetu sote." Watu wakapiga makofi, kazi ikaendelea.

Maumivu yalianzia kiunoni, yakapita takoni, yakashuka nyuma ya paja, yakaenda kutokea kwenye kidole kidogo cha mguu wa kulia. Akikohoa yanapiga. Chafya ikimjia anatafuta ukuta wa kushika. Kukaa hawezi, kusimama anaweza kidogo, na akilala lazima ageuke kwa kupanga, kwanza goti, halafu nyonga, halafu bega, kama watu wanaohamisha kabati. Kitu kikimwanguka kilibaki chini. Kijiko cha kupikia kilianguka chini ya meza na kikakaa huko, yeye anakitazama tu kila siku.

Walimkanda kwa maji ya chumvi. Walimpiga chuku, damu ikatoka nyeusi. Alimeza aspirini mpaka masikio yakawa yanavuma. Mwisho Gaudens akampeleka hospitali kubwa mjini, na daktari mmoja kijana akamlaza, akamnyanyua mguu ukiwa umenyooka, na hata haujafika juu Bernadeta alipiga kelele wakasikia hata waliokuwa nje kwenye dirisha la dawa.

"Mama," daktari akamwambia, "kati ya pingili na pingili za mgongo kuna kitu kama kigodoro. Chako kimoja kimefutuka kwa nje, kinabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Nenda ukalale juu ya ubao mgumu, na usinyanyue kitu."

"Mpaka lini, mwanangu?"

"Mpaka upate nafuu."

Gaudens akang'oa mlango wa jikoni, akauweka juu ya kitanda, mke wake akalala juu ya mlango. Kuku wakawa wanaingia jikoni na kutoka watakavyo. Nafuu haikuja.

Ndipo alipoitwa Mauwa, huyuhuyu wa foleni. Mauwa alizaliwa kwa kutanguliza miguu, na watu wa namna hiyo visigino vyao vina kazi, kila mtu anajua. Alikuja alfajiri kabla hajasema na mtu, akamlaza Bernadeta kifudifudi kizingitini, kichwa nje, miguu ndani. Akamkanyaga kiunoni kwa kisigino cha kushoto, akashuka. Akakanyaga tena, akashuka. Mara ya tatu maumivu yakateremka mguu mzima, yakatokea kwenye kidole kidogo, na Mauwa akayadaka kwa upande wa kanga.

Yalikuwa na ukubwa wa mtoto aliyezaliwa leo, ya moto kama kitumbua kinachotoka kwenye mafuta, na mazito kuliko yanavyoonekana.

"Haya," Mauwa akasema. "Nani anayapokea?"

"Yatupe, bibi," Gaudens akasema.

"Hayatupwi. Ukiyalaza chini yanatafuta kiuno cha karibu. Mwaka juzi nilitoa ya mzee mmoja Vingunguti, mwanawe akayatupa barabarani. Yakaingia kwa ng'ombe anayepelekwa kuchinjwa. Waliokula nyama ile mpaka leo wanainuka kwa kushika meza."

Bernadeta wakati huo alikuwa ameshainuka. Aliingia ndani, akachutama chini ya meza, akaokota kijiko chake. Akakifuta vumbi kwa kanga. Akachutama tena, bila sababu, akainuka tena. Halafu akaona wale wawili wamesimama na lile furushi, akarudi kizingitini mwenyewe akalala.

"Nirudishie, bibi. Nimeshaokota."

Mauwa akamrudishia. Lakini kabla ya kuondoka alimfundisha Gaudens njia nyepesi, kwa kuwa visigino vyake visingeweza kuja Yombo kila siku: maumivu yakishajua kutoka, yanatoka kwa mbeleko. Unamfunga mgonjwa mbeleko kiunoni, unafungua fundo, yanabaki kwenye nguo. Ukiyabeba mgongoni fundo likiwa kifuani, hayaumi, ni mzigo tu. Ukishusha fundo kiunoni mwa mtu, yameingia.

Gaudens alikwenda moja kwa moja kwa balozi, na jioni ile wakaitwa watu kwenye ile zahanati isiyo na paa. Gaudens alikuwa na mdomo, hilo halikufichika. Kiwandani walimtuma aseme kila kulipokuwa na jambo.

"Ndugu zangu, lile karai lilikuwa la nani?"

"Letu!"

"Na zege?"

"Letu!"

"Na maumivu je?"

Mmoja akaanza kukung'uta mchanga miguuni. Halafu Gozbert, fundi cherehani, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa kitu mfukoni, "Haya, na yenyewe yetu." Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichopitisha jambo.

Wakapanga zamu. Kila nyumba itayaweka usiku mmoja na mchana wake, na nyumba ya Gaudens ikiwemo, kwa hiyo Bernadeta ataumwa siku moja, atapumzika mpaka zamu izunguke.

"Yangu isiangukie wiki ya Idi," Gozbert akasema, "nina magauni ya wake za watu."

"Mie atayachukua mume wangu," akasema mke wa mlinzi. "Mgongo wake ule haujatumika tangu uhuru."

"Nyumba kwa nyumba," balozi akafunga mkutano. "Tumeafikiana. Nyumba kwa nyumba."

Hakuna aliyeuliza, ndani ya nyumba, atayabeba nani.

Gaudens akawa ndiye mbebaji. Kila jioni akitoka kazini alinawa, akanywa chai, akaenda kuyachukua yalikolala na kuyapeleka yanakokwenda, mbeleko mgongoni, anaamkiwa njiani na anaitikia. Akirudi nyumbani mke wake alimuuliza, "Umeyaacha wapi?" naye anataja nyumba. Asubuhi Bernadeta alitenga vitumbua vya kwanza, vile vya mafuta mapya, akavipeleka mwenyewe kwenye nyumba iliyotajwa, kwa shukrani.

Kwenye mizunguko ya mwanzo, zamu ikipangwa upya kila mara, maumivu yalirudi na tabia za huko yalikopita. Yalipotoka kwa mlinzi hayakulala usiku kucha, na jua lilipochomoza yakasinzia mpaka saa sita. Yalipotoka kwa maalim wa chuo yalikuwa yakitulia kila adhana ikilia, yanaanza tena watu wakishatoa salamu. Yalipotoka kwa mchinjaji hayakutaka kusikia harufu ya kitunguu bila nyama. Bernadeta alilala juu ya mlango wake akiyasikiliza, na akawa anawajua majirani kuliko alivyowahi kuwajua. Hata akawapenda.

Siku nyingine zote alikuwa mzima. Aliinama. Alimfunga Rosalia vifungo vya gauni. Alitwanga. Siku ya komunyo ya mtoto wa jirani alicheza mpaka kilemba kikamtoka, akakiokota mwenyewe, na Gaudens aliyekuwa amekaa na wanaume akamtazama akiinama kama anayetazama mtu wa redioni ametokea mbele yake.

Bernadeta alikuwa na mdogo wake, Adelina, aliyemtoa nyumbani Masasi. Chumba kilikuwa kimoja, kwa hiyo Adelina alipelekwa kwa Balozi Polikarpo akamsaidie kazi mkewe, Felicitas, na balozi akaahidi kumtafutia nafasi ya kujifunza kushona. Zamani Adelina alikuwa akija kwa dada yake kila Jumapili. Siku hizi hakuonekana. Bernadeta alipouliza, Felicitas alisema, "Ameanza masomo ya kushona, shoga, muda hana." Bernadeta akafurahi, akaenda kumnunulia mkasi.

Mizunguko ilivyokwenda, maumivu yakaanza kurudi na tabia moja tu. Yalikataa kulala chali. Yalitaka ubavu wa kushoto, uso ukutani. Na mbwa akibweka, hata mbali huko kwenye mikorosho, yalijikunja yakapanda mpaka chini ya mbavu na kubaki huko yakitetemeka. Mara ya kwanza Bernadeta hakujali. Mara ya pili alitulia akasikiliza. Mara ya tatu akamwita mume wake.

"Baba Rosalia, jana yalikuwa wapi?"

"Kwa Gozbert."

"Gozbert ana mbwa wawili."

"Sasa?"

"Maumivu yanaogopa mbwa."

"Maumivu yana mambo mengi," Gaudens akasema, akaenda kunawa.

Bernadeta alimjua mtu mmoja tu anayeogopa mbwa kwa namna ile, kuanzia kiunoni kwenda juu. Adelina aling'atwa na mbwa wa mwindaji wakienda mtoni, akiwa mdogo wa kubebwa, na aliyembeba alikuwa Bernadeta. Tangu hapo analala ubavu wa kushoto, uso ukutani, na mkono wa dada yake juu yake.

Jioni ile, Gaudens alipoyatia kwenye mbeleko akatoka, zamu ilikuwa ya mlinzi, njia ya kushoto. Bernadeta akajitanda kanga akamfuata. Hakujificha. Gaudens alipofika penye njia panda akashika kulia. Wanawake walikuwa nje wanapika, na kila mmoja alimwamkia, "Za jioni, Mama Rosalia," naye akaitikia, na kila aliyeona anakoelekea akainamia chungu chake akakoroga. Walikoroga hata waliopika muhogo wa kuchemsha.

Nyuma ya nyumba ya balozi, Adelina alikuwa ameshasimama. Ameshika ukuta kwa mikono miwili, kanga ameipandisha, anasubiri kama mtu anayesubiri kutwishwa ndoo. Gaudens akapitisha mbeleko, akashusha fundo. Adelina akakunjika. Hakupiga kelele. Mgongo wake ulikuwa umekwisha kufanya kona kabla hata ya fundo, kona ya kudumu.

Felicitas alikuwa anachambua mchele hapohapo. Yeye ndiye wa kwanza kumwona Bernadeta.

"Karibu, shoga. Vuta kigoda."

"Felicitas, huyu ni nani?"

"Si mdogo wako? Usinitazame hivyo. Tulisema nyumba, hatukusema mtu. Naye ni mtu wa nyumba hii."

"Na nyumba za wengine?"

"Wengine wana kazi zao. Fundi akipinda, nani atashona? Mlinzi akipinda, wezi si watakuja na mikeka walale? Walimwomba balozi, balozi akaona yabaki hapa, maana huyu ameshayazoea. Mgeni hupata taabu nayo, jamani. Mie mwenyewe nilijaribu nusu saa."

Balozi Polikarpo akatoka na redio yake begani, akafurahi kumwona. "Mama Rosalia! Utaratibu wetu unakwenda vizuri mno. Wilayani wamesikia. Wanakuja kujifunza."

Bernadeta akamgeukia mume wake. Gaudens, aliyekuwa na mdomo mbele ya watu wote, alikuwa anakunja mbeleko tupu, anaikunja tena.

"Ulikuwa huwezi hata kumfunga mtoto kifungo," akasema. "Nilitaka nikuone unainama. Basi."

"Na kila siku nikikuuliza yako wapi, unanitajia nyumba."

"Ningesema nini?"

Bernadeta akachutama mbele ya Adelina ili waonane uso kwa uso, maana Adelina asingeweza kuuleta wake juu. Alichutama kwa urahisi kabisa.

"Adelina. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, dada, na umesema mwenyewe?"

"Nimesema nini?"

"Shemeji alisema umesema. Kwamba bora yakae kwa ndugu yako wa damu kuliko kuhangaisha watu baki. Nililia, halafu nikaona, ah, dada ana mtoto." Akapumua kidogo kidogo, kwa kupima. "Ila vitumbua vyako vya shukrani nilikuwa nasikia harufu tu. Vinapita hapo nje asubuhi vinakwenda kwa Gozbert."

Kesho yake alfajiri Mauwa aliletwa. Alimlaza Adelina kizingitini kwa balozi, kichwa nje, miguu ndani. Akakanyaga, akashuka. Akakanyaga mpaka kisigino chake kikapata moto. Kidole kidogo cha mguu kilitulia tu, hakikutoa kitu. Wakajaribu mbeleko, fundo likafunguka jepesi, nguo tupu. Mauwa akapiga magoti, akalaza sikio juu ya kile kiuno, akakaa hivyo kitambo.

"Yamehamia," akasema. "Hapa ndipo kwao sasa."

"Nipe mie, bibi. Yalikuwa yangu."

"Nimeyauliza. Yanasema kwako hayakujui."

Bernadeta akalala kizingitini vilevile, kifudifudi, kanga amepandisha, mpaka jua likawa juu na watu wa nyumba wakawa wanamruka kupita. Halafu akainuka, kwa sababu hakuna kilichomzuia kuinuka.

Alitaka kumchukua mdogo wake nyumbani kwake. Adelina akakataa.

"Huku namjua anayenifunga, dada. Kwako sijui nikija nitafungwa nini tena."

"Mimi sikusema, Adelina. Nakuapia kwa marehemu mama."

"Sawa," Adelina akasema, kama anavyosema mtu aliyechoka kusimamishwa njiani.

Watu wa wilaya walikuja wiki ile, kwa gari. Zahanati ilikuwa imeezekwa na kupakwa chokaa, imetiwa kufuli kungojea mganga na dawa. Nyumba kumi zilijipanga mbele yake. Balozi akaeleza jinsi wananchi wake walivyoyapokea maumivu ya mwenzao kama ya kwao, na mgeni mkubwa akauliza kama anaweza kumwona huyo mama mwenyewe. Bernadeta akaletwa. Wakamwomba ainame, akainama. Wakamwomba anyanyue karai la mchanga, akanyanyua, akageuka nalo kulia, akageuka nalo kushoto. Makofi yakapigwa, na waliopiga kwa nguvu walikuwa Gozbert na mke wa mlinzi. Bernadeta alisema, karai likiwa bado kichwani, "Yako kwa mdogo wangu. Yuko stoo kwa balozi, hawezi kusimama." Mgeni mkubwa akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia balozi, "Mmeona? Hata ndugu wa damu wanashirikishwa." Wakapanda gari.

Nyumbani, Bernadeta aliendelea kumpakulia mume wake chakula, na kumtilia maji ya kunawa. Ila hakumwita tena Baba Rosalia. Alimwita Ndugu Gaudens. "Ndugu Gaudens, chakula." "Ndugu Gaudens, unaulizwa nje." Naye aliitika.

Na kila siku, vitumbua vikiisha, alijifuta mikono akaenda stoo kwa balozi, mle kwenye magunia ya korosho, akatandika mkeka karibu na wa Adelina. Mauwa alimwambia kuwa maumivu huweza kuvuka yenyewe, mara chache sana, pale mtu akilala mgongo kwa mgongo na mwenye nayo, akakaa macho, akayangojea bila kuyafukuza. Lakini lazima awe macho. Kwa mtu aliyelala hayaingii, yanadhani hakuna mtu.

Siku moja mchana, mvua ya vuli ilikuwa imeanguka tangu asubuhi na hakuna aliyekwenda popote. Felicitas alikuwa amelala chumbani, balozi amelala kwenye kiti, redio inasema peke yake. Gaudens wiki ile alikuwa akifanya zamu ya usiku kiwandani, kwa hiyo mchana ule amelala nyumbani na Rosalia kifuani. Stoo, Bernadeta alijisogeza mpaka mgongo wake ukagusa mgongo wa mdogo wake. Ulikuwa wa moto kama jiwe la jikoni, na kona yake ilimchoma kiunoni.

"Leo nitakaa macho mpaka yavuke," akasema.

"Ulisema na jana."

"Leo."

"Kaa basi," Adelina akasema. Akauma pindo la kanga, akavuta pumzi fupi fupi, akazipanga, na baada ya muda mrefu zikarefuka kidogo. Akalala.

Bernadeta akafumbua macho makubwa. Akahesabu magunia. Akajifinya mkono. Alisikiliza kwa mgongo wote kama kuna kitu kinachosogea upande wa pili, akaona kama kinasogea, akajiambia ndiyo hicho, kinakuja, nisitikisike. Mvua ikawa inapiga bati sawasawa. Kiuno chake kilikuwa chepesi, miguu myepesi, hakuna mahali popote mwilini palipokuwa na neno la kumwambia, na usingizi wa mtu mzima wa afya ukaja kama unavyowajia watu hao, bila kubisha hodi, naye akalala.